Mikataba ya gati za Dar iwekwe mezani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni wakala wa forodha, Kurasini. Mzigo ukikwama bandarini, mteja wa Lubumbashi hampigii simu waziri, ananipigia mimi. Kwa hiyo simpingi mwekezaji anayeleta kreni na kuzipunguzia meli siku za kungoja nangani. Ninachodai ni kimoja: mikataba ya gati iwekwe hadharani, yote, tuisome.

Nianzie mbali kidogo, maana wengi wanaobishana leo walikuwa watoto wakati huo. Mwaka 2000 kitengo cha makontena cha bandari ya Dar kilikodishwa kwa kampuni binafsi ya TICTS kwa miaka 10. Mwaka 2005, muda ukiwa nusu tu, mkataba ukaongezwa miaka 15 bila zabuni mpya. Nani aliomba, nani aliidhinisha, kwa vigezo gani? Bunge lenyewe liliona haikubaliki, na mwaka 2008 likapitisha azimio kwamba nyongeza ile ifutwe. TICTS ilikuja kuondoka kwenye gati mwisho wa 2022. Hesabu miaka hiyo, Mhariri. Mkataba ukishasainiwa faraghani, hata Bunge hubaki mlangoni likibisha hodi.

Sasa tuje kwenye makubaliano ya bandari kati ya serikali yetu na ya Dubai, yaliyosainiwa Oktoba 2022 na kuridhiwa na Bunge Juni 10, 2023. Ibara ya 23 ilisema hakuna upande utakaoweza kujitoa wala kuyasitisha, hata mwenzake akiyakiuka vibaya. Wananchi wakashtuka, na walikuwa na haki ya kushtuka. Serikali ikajibu kuwa muda na masharti yatakaa kwenye mikataba midogo itakayofuata. Lakini waliozidi kuhoji, akiwamo mwanasiasa mkongwe Dk. Willibrod Slaa na wakili Boniface Mwabukusi, walikamatwa Agosti 2023 kwa tuhuma za uhaini, kisha wakaachiwa. Mjadala wa vifungu ukageuzwa mjadala wa nani mzalendo, na kibaya zaidi, wa Ukristo na Uislamu, wa Bara na Zanzibar. Iliniuma sana. Kijiweni kwetu mawakala waliokula sahani moja miaka yote walianza kupimana kwa majina yao, na katika kelele zile swali la msingi likapotea: kwa nini gati zilipatikana kwa mazungumzo ya serikali na serikali, si kwa zabuni ya wazi ambayo kampuni nyingine zingeshindana?

Oktoba 22, 2023 mikataba midogo ikasainiwa Ikulu ya Chamwino, Dodoma. Tukaambiwa DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, inapewa gati 4 hadi 7 kwa miaka 30, na utendaji wake utapimwa kila miaka mitano. Utapimwa kwa kipimo gani? Idadi ya kontena kwa saa? Mapato ya Mamlaka ya Bandari (TPA)? Akishindwa, anaadhibiwaje?

Mwaka uliofuata gati 8 hadi 11 zikaenda kwa Adani, kampuni ya India, nazo kwa miaka 30, pamoja na ununuzi wa asilimia 95 ya hisa za TICTS ileile. Safari hii kelele zilikuwa chache. Novemba 2024 Kenya ilipofuta mpango wa Adani kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, baada ya mwenye kampuni kushtakiwa Marekani kwa tuhuma za rushwa anazozikana, huku kwetu tuliambiwa mikataba yetu haina tatizo. Huenda ni kweli. Ila kukanusha tetesi za rushwa kwa mdomo hakutoshi wakati karatasi yenyewe imefungiwa kabatini.

Na si kwamba nchi hii haijui njia. Sheria ya uwazi katika uziduaji ya mwaka 2015 inataka mikataba ya madini, mafuta na gesi itangazwe. Dhahabu ya Geita iwe na sheria ya kuanikwa, gati la Dar lisiwe nayo, kwa sababu ipi? Bandari ni mali kama mgodi, tena yenyewe haiishi.

Ukihesabu tangu kusainiwa, tathmini ya kwanza ya miaka mitano ya DP World inaangukia 2028. Naliomba Bunge lisisubiri hadi hapo. Lilete sheria inayofanana na ile ya uziduaji kwa mikataba yote ya bandari, na liitake TPA ichapishe hii iliyokwisha kusainiwa, pamoja na vigezo vya tathmini, kwa Kiswahili.

Wakala wa forodha,
Kurasini, Dar es Salaam