Utepe wa rangi nne

Kirumba, Mwanza
11 Desemba

Ngosha wangu,

Mwangaluka! Huku hatujambo, ila mvua imetukamia. Mama anashinda kuanika dagaa na kuzianua, kuanika na kuzianua, mpaka ameanza kuzisemesha.

Juzi uliniuliza kwenye simu tumesherehekeaje Uhuru, nami nikakukatia kwa kuwa nilikuwa nashuka kwenye daladala. Jibu lake ni refu kidogo.

Tarehe 8 binti yangu alinikaba: watoto wa mtaani wamekubaliana kesho yake wote wafunge mkononi utepe wa rangi za taifa. Tukashuka wote Makoroboi. Nikamwambia muuza tepe, "Dada, nipe kijani na njano, nusu mita nusu mita." Hakuinua hata macho. "Ya chama au ya Yanga?" Nikasema ya taifa. Hapo ndipo aliponitazama, akacheka mpaka akaweka mkasi chini. "Sasa si ungeanza na nyeusi, kaka!"

Neno hilo ninalo mpaka leo. Unanijua, mimi Mnyama, mtu wa Simba, tangu shule ya msingi, kijani na njano sivai hata kwa kulipwa. Jirani yangu, yule mpinzani wa damu, naye havai, kwa sababu zake: anasema akizivaa tu, wahuni wa kijiweni watamsindikiza na "Kidumu Chama cha Mapinduzi!" mpaka stendi. Kwa hiyo bendera ni yetu sote, lakini rangi mbili zina wenyewe, na mimi na jirani tumeachiwa nyeusi na buluu.

Hata ile sherehe ya kitaifa ya 2019 iliyoletwa Mwanza, ilifanyika wapi? Uwanja wa CCM Kirumba. Ndio uwanja tulio nao, sina ugomvi. Nilichelewa, nikabaki nje kwa muuza mahindi, nasikilizia spika. Nakiri nilikwenda kwa ajili ya wasanii. Wakati wa hotuba nilipanga kula. Mara spika zikaleta sauti ya Freeman Mbowe, mwenyekiti wa chama cha upinzani CHADEMA wakati ule, amepewa nafasi mbele ya Rais Magufuli, anaomba maridhiano. Muuza mahindi akaacha kupepea jiko. "Ni yeye kweli?" Hindi langu likaungua upande mmoja na sikudai jingine. Leo ukiniuliza nani aliimba siku ile, sikumbuki hata mmoja.

Na 2015, gwaride lilipofutwa tukaambiwa tufanye usafi, unakumbuka? Wewe ulijifanya mgonjwa wa mgongo. Mimi nilizoa mtaro toka asubuhi, nikiwa na shabiki mmoja wa Yanga anayenishikia toroli, na hatukutaniana hata mara moja kwa jinsi ulivyonuka.

Rangi za taifa mara ya mwisho nilizibeba kwa hiari Machi 2019, Taifa Stars ilipoifunga Uganda 3-0 tukafuzu AFCON, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu 1980. Nilikumbatiana na watu ambao Jumamosi ya Simba na Yanga siwapi hata salamu. Jezi yenyewe ya Stars ni buluu, umewahi kuliangalia hilo?

Maana usiku ule wa tarehe 8 binti alipokuwa ananishikia tepe nizishone, nilimfundisha kuwa bendera iliyopandishwa 9 Desemba 1961 haikuwa na buluu kabisa. Ilikuja 1964, tulipoungana na Zanzibar. Akakataa katakata. "Buluu ni ziwa. Babu kasema." Nikataka kubishana, halafu nikaona mzee hajakosea sana, kwani hata shuleni tulifundishwa kuwa buluu ni maji, bahari na maziwa yetu. Zanzibar watanisamehe. Asubuhi alitoka na utepe wake ameufunga buluu ikiwa juu kabisa, pembeni ya kiwiko. Mimi nilifunga wangu pia, ndiyo, na kijani yake na njano yake. Jirani aliniona akapita kimya, jioni akaja kuuliza kama umebaki.

Dagaa za mama, kilo tatu, zinakuja na basi la usiku. Kondakta anayo namba yako. Furushi tumelifunga kwa kipande cha buluu kilichobaki. Usikikate kwa kisu, kifungue taratibu ukirudishe Krismasi, mwenyewe ameshakihesabu.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi, Mnyama wako wa Kirumba