Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria kuhusu kanisa lenye mihuri miwili

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa muumini wa kawaida wa kanisa moja kubwa la uamsho hapa Lubumbashi, nchini Kongo, ambalo silitaji jina kwa kuwa kesi yake bado iko mahakamani. Jumapili iliyopita tulikuta lango limefungwa kwa makufuli mawili, moja la kila upande unaodai uongozi wa kanisa, na wanakwaya wameketi kando ya barabara, kinanda chao wamekifunika kitenge kisiingie vumbi. Ndani ya Biblia yangu nina risiti mbili za fungu la kumi la mwezi mmoja: jina la kanisa ni lile lile, mihuri ni tofauti. Ndiyo, nililipa mara mbili, maana niliogopa kukosea upande.

Wengi wanauita ugomvi wa madhabahu. Mimi nauona ni ugomvi wa sahihi. Kiwanja kimeandikishwa kwa jina la kanisa, si la mchungaji yeyote, na kwa sheria ya 1973 ardhi yenyewe ni mali ya Serikali, sisi tukibaki na haki ya kuitumia tu. Kwa hiyo anayetambuliwa kuwa mwakilishi wa kisheria ndiye ambaye sahihi yake inapokewa benki na kwa mhifadhi wa hati za ardhi. Sheria namba 004/2001 ya mashirika yasiyotafuta faida inayapa makanisa utu wa kisheria, yaani kutambuliwa kama mtu mbele ya sheria, kupitia kwako, na majina ya viongozi wao hupitishwa kwa amri ya Waziri. Amri hiyo sisi waumini tunaonyeshwa kwenye simu tu, picha ya nakala ya nakala, na kila upande una yake.

Ugomvi wa uongozi unaweza kuwagharimu waumini jengo lao: huko California, Marekani, kanisa la Crystal Cathedral liligawanyika kati ya mchungaji baba na mchungaji mwanawe mwaka 2008, likaomba kinga ya kufilisika mwaka 2010, na jengo ambalo waumini walilichangia kioo kwa kioo likauzwa kwa Dayosisi Katoliki ya Orange kwa dola milioni 57.5.

Naomba amri inayotumika leo, pamoja na tarehe yake, ibandikwe katika Divisheni ya Sheria ya mkoa wetu wa Haut-Katanga, na umwombe mwenzako wa Ardhi asiruhusu hati ya kiwanja hicho ihamishwe kabla ya hukumu. Nakala za risiti zote mbili nimeziambatisha.

Kwa heshima,
Muumini wa Katuba, Lubumbashi