Shukrani kwa mama wa foleni ya kopi, Mnazi Mmoja

Jumatatu ile nilikuwa naenda kuripoti kazini, Afisa Utumishi daraja la II, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Mji uliopata umanispaa mwaka 1949 na ujiji 1961. Mimi nimetoka Songea na bahasha ya kaki tu.

Nikiwa natoa kopi za vyeti, mama mmoja nyuma yangu, miwani ikimning'inia puani, akauliza: "Mwanangu, wewe ni Zuhura au Zuhra?" Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na herufi moja zaidi ya cha kidato cha nne. Miaka yote sikuwahi kuiona! Magoti yaliniisha nguvu.

Hakunipa pole nyingi. Aliacha foleni yake, akanivusha barabara hadi kwa wakili, ikaandikwa hati ya kiapo cha jina. Elfu kumi iliyopungua akaitoa yeye. Kisha tukakaa kwenye benchi, akanipangia karatasi: barua ya ajira juu, kiapo kabla ya vyeti, "ili anayefungua jalada akutane na jibu kabla ya swali." Kumbe mstaafu wa masijala. Namba ya simu akaninyima.

Mama, nilipokelewa siku hiyo hiyo. Nanyi wenzangu mnaopokea waajiriwa wapya, someni majina yao herufi kwa herufi wangali mbele yenu.

Elfu kumi yako nimemwachia kijana wa mashine ya kopi. Anasema huwa unapita.