Dawa ya kupe haiwekwi ndani ya mzinga

Mhariri, asalamu aleikum. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua manake hili jambo limenikaa kooni.

Wiki iliyopita mzee mmoja jirani yangu hapa Gede aliniita nikamwangalilie mizinga yake, kufika nakuta chini ya mlango wa mzinga nyuki wametapakaa kama mchele uliomwagika, nikaokota mmoja nikamweka kiganjani, ulimi umemtoka nje, nikajua hii sio njaa wala joto, hii ni sumu. Nikamuuliza, ami, umeweka nini humu? Akanambia siafu walikuwa wanamsumbua na wale mbawakawa weusi wamejaa ndani, akenda duka la dawa za mifugo akauziwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, akaambiwa hii inaua kila mdudu. Nikasoma chupa, sipamethrini, ile dawa ya kuua kupe. Mwenye duka hakumuuliza hata anaenda kuitia wapi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba masega mengine ya asali yalikuwa yameshazibwa na nyuki na mzee alikuwa ashapanga kurina. Nimemsihi mpaka akakubali tukayafukia yote shimoni. Asali ya huku watu wanawalambisha watoto wenye kikohozi, wazee wanainywa na limau, anayekuja kununua nyumbani na chupa yake hana mashine ya kupima kitu. Halafu nta inanyonya hizi dawa na kukaa nazo muda mrefu, ukiiyeyusha ukaibandika kwa mzinga mwingine ndo ushahamisha sumu.

Na sio huyu mzee peke yake. Wako wanaochukua ule unga wa kuku wa oksitetrasaiklini, yaani antibiotiki, wanakoroga na maji ya sukari wanawapa nyuki, ati kinga. Kinga ya nini jamani? Kuna ugonjwa wa kuozesha majana, yaani watoto wa nyuki, ule mbaya kabisa, dawa hiyo inaua bakteria walio hai lakini mbegu zao haziguswi, na hizo zinaweza kukaa kwenye masega zaidi ya miaka 35 zikingoja tu, kwa hivyo dawa ikiisha ugonjwa unarudi na masalio ya dawa yashaingia kwenye asali. Mwaka 2002 Ulaya ilisimamisha asali ya China kwa sababu ya masalio ya kloramfenikoli, antibiotiki nyingine, nchi kubwa vile, na ilichukua mpaka 2004 kurudi sokoni. Sisi wa Malindi tunaotegemea asali ya mikoko ya Mida na ya kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke tukishapata jina baya nani atatununulia?

Wengine watasema mbona kuna utitiri wa varroa, vile vijidudu vinavyowaganda nyuki. Kweli upo, Kenya uligunduliwa mwaka 2009, lakini nyuki wetu ni wakali na ni wasafi, wanausugua mwilini, wanang'oa majana yaliyougua wanatupa nje, na mbawakawa kundi likiwa na nguvu linawafungia kwenye pembe kwa gundi yao. Wazungu wanaweka vitambaa vya dawa kwa sababu nyuki wao hawawezi hivyo, na hata wao wanaanza kwa kuhesabu utitiri kwanza na kutoa masega ya asali, na vitambaa wanavitoa siku zilizoandikwa zikifika, manake ukiviacha utitiri unaizoea dawa.

Siafu dawa yao ni girisi kwenye waya unaoning'iniza mzinga, na kufyeka majani yasiguse. Masega makuukuu toa. Ukiona majana yananuka au yanavutika kama uzi ukichokoa na kijiti, usihamishe kiunzi hata kimoja, ita daktari wa mifugo. Na ikibidi dawa, iwe ya nyuki, iandike kwa daftari, mzinga gani, tarehe gani, na usirine mpaka siku za kusubiri baada ya dawa ziishe.

Wenye maduka nawaomba, mtu akija muulizeni mnyama gani. Na maafisa wa mifugo wa kaunti, huwa mnakuja kuchanja ng'ombe, basi siku hiyo hiyo pitieni na kwetu wafuga nyuki, msimu wa kurina haujafika bado. Mzee amebakiwa na mizinga mitatu na kila nikipita ananiuliza atie nini.

Mfuga nyuki,
Gede, Malindi