Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu wa kwanza na kompyuta darasani

Wazazi na walimu wetu, hamjambo nyote. Najua wengi mnangoja kusikia pesa zimeenda wapi, mtunza hazina atasoma hesabu baada yangu, mimi leo nitaongea juu ya zile kompyuta 12 maana ndizo zilizotuchosha kichwa mwaka mzima.

Muhula wa kwanza ilikuwa furaha tupu. Kuna mtoto wa darasa la nne (P.4) ambaye siku ya soko alikuwa anapotelea kule Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kubeba mizigo, lakini siku ya kompyuta anafika kabla ya mwenye funguo, amenawa miguu, amekaa pale kwa ngazi anangoja. Sisi kamati tukaanza kusema tumeshinda. Kumbe ilikuwa ni upya wa kitu tu, muhula wa pili hamu ikashuka, watoto wanafungua programu ya kuchora wanapaka rangi mpaka kengele inalia, na ukiuliza umejifunza nini leo, anakuangalia tu.

Basi nikaenda kukaa nyuma ya darasa. Watoto watatu kwa mashine moja, mmoja ameshika mausi, wa pili anaelekeza kwa kidole, wa tatu anaangalia nje kwa dirisha. Na wa mausi ni yule yule kila wiki. Madam wa P.5 ndiye alituokoa, akaweka saa mezani, kila dakika 10 wanabadilishana viti, na nawaambia ukweli hicho kitu hakikugharimu hata shilingi moja.

Kwa darasa lake niliona msichana anaandika habari ya mbuzi wa bibi yake. Kwa daftari huyo mtoto hafuti, akikosea anaacha hivyo hivyo maana ukifuta sana karatasi inatoboka. Kwa kompyuta ile sentensi ya mbuzi kukata kamba aliirudia mara nne mpaka akaridhika, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilitamani mngekuwepo.

Kosa la biskuti ni letu kamati, naomba radhi. Tulisema anayemaliza kwanza anapata biskuti, wakawa wanabonyeza jibu lolote ili wamalize, na biskuti zilipoisha hata kazi yenyewe wakaiacha. Mtafiti wa saikolojia Mark Lepper na wenzake pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha jambo hili tangu 1973: watoto waliopenda kuchora wakaahidiwa zawadi, baadaye walichora kidogo kuliko wale walioachwa wachore kwa raha yao. Tungeuliza mapema.

Wenye kusema tuongeze mashine, nawaheshimu, lakini Peru waligawa laptopu nyingi sana, watafiti wakafuata shule 319 za vijijini na baada ya miezi 15 alama za hesabu na za lugha hazikusonga. Delhi kule India ilikuwa tofauti, mwaka 2015 watoto walikuja baada ya masomo, programu inampa kila mmoja maswali ya pale alipofika yeye, si ya darasa lake, na mwalimu yuko pale pale na kikundi kidogo. Hao waliendelea vizuri kwa hesabu na Kihindi. Na sisi ndio tunahitaji hiyo kabisa, maana tangu korona ifunge shule zetu za Uganda, kabisa au kwa sehemu, Machi 2020 mpaka Januari 2022, ndani ya darasa moja unapata anayesoma gazeti na anayehangaika na silabi.

Kwa hiyo kamati inaomba hivi: mwaka ujao tusinunue mashine hata moja. Pesa imlipe mwalimu msaidizi jioni mbili kwa wiki, inayobaki inunue betri za sola sababu hizi tulizonazo saa nane mchana zimeshakufa. Anayekataa aseme leo hapa mkutanoni tupige kura, si kesho huko njiani.