Kabla ya kuchangia ploti

Wanachama, hamjambo? Wengi mmeuliza kama aliyeorodheshwa CRB (shirika linaloweka rekodi za wasiolipa mikopo) anaweza kununua nasi. Anaweza, maana tunalipa taslimu, hatuendi benki. Ila chukua ripoti yako (moja kwa mwaka ni bure), maliza vile vikopo vya simu, udai barua ya kuthibitisha umelipa. Jina halisafiki siku hiyo hiyo.

Sasa ploti yenyewe. Asitume mtu hata shilingi kabla ya sachi rasmi, yaani kukagua rekodi ya ploti kwenye ofisi ya ardhi. Majibu ya sachi yana sehemu 3: ardhi, mwenyewe, na vizuizi. Watu husoma jina la mwenyewe wakaridhika. Soma hiyo ya 3! Rehani ya benki na zuio la ndugu wanaogombania urithi hukaa hapo, na ndipo pesa hupotelea. Fotokopi ya hati mkononi mwa dalali si kitu.

Amana ni 10%, ikae kwa wakili wetu hadi uhamisho ukamilike. Shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, la sivyo mauzo ni batili. Tengeni pia ushuru wa stempu: 4% mjini, 2% mashambani. Huu ndio husahaulika, hati ikakwama.

Kwenye hati tuandike hisa ya kila mmoja. Zisipoandikwa, sheria huchukulia kuwa wote tuna hisa sawa, hata kama mmoja alichangia zaidi.

Nakala za kitambulisho na PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) nizipate kufikia Ijumaa, tafadhali.