Majeruhi wa adui naye atibiwe

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini. Juzi barazani kwetu hapa Wete watu walibishana mpaka kahawa ikapoa, suala lenyewe daktari yuko vitani analetewa majeruhi wa upande wa pili, pengine ndo huyo huyo alowapiga risasi wenzake, sasa amtibu au amwache afe? Wengi wakasema amwache. Mimi nakataa kabisa.

Mikataba ya Geneva ya 1949, yaani sheria za kimataifa za vita, inasema majeruhi atibiwe bila kuangaliwa katoka jeshi gani, na anayetangulizwa ni yule mwenye hali mbaya zaidi, si wa kwetu. Na hapo ndo pagumu hasa, maana damu imebaki chupa moja, kijana wako kaumia mguu na adui anakata roho, ampe nani? Sheria inamwambia adui, sasa mama wa yule kijana atamtazama vipi? Namuonea huruma daktari huyo wallahi.

Lakini akianza kuchagua wa kupona kwa nguo alizovaa, basi na wetu wakikamatwa huko watafanywa hivo hivo. Na sisi Waislamu tumesomeshwa toka chuo cha Kurani, Suratul Insan aya ya 8 inawasifu wanaomlisha mateka, mateka wa vita ni nani kama si adui?

Naomba vyuo vyetu vya afya viwasomeshe vijana jambo hili mapema, wasikutane nalo mara ya kwanza mtu anavuja damu mbele yao.

Msomaji wako, Wete, Pemba